Funda la Kwanza

Tabea alikubali mwaliko wa shemeji yake wa kula mgahawani kwa sababu ya binti yake. Ukoo ulikuwa umeamua kwamba Lidia, aliyefaulu kuingia sekondari, akakae Makambako kwa baba yake mkubwa, Haruni, mwenye malori ya mbao. Tabea angebaki Njombe na shamba lake la chai. Hakuna aliyemuuliza maoni. Hakuna pia aliyethubutu kutaja jambo ambalo kila mtu alilijua. Efraimu, mume wa Tabea na mdogo wake Haruni, alikunywa ulanzi, pombe ya mianzi, nyumbani kwa kaka yake, akarudi Njombe akilalamikia tumbo, na kabla ya Jumapili akazikwa. Daktari alisema ni ini. Majirani walisema Haruni alimimina bila kuonja.

Kwao Wabena, anayekukaribisha pombe hunywa funda la kwanza mbele ya macho yako. Ndivyo anavyoondoa sumu. Asiyeonja hujichongea mwenyewe, hata kama mikono yake ni safi.

Mgahawa wenyewe ulikuwa mpya, kando ya barabara iendayo Mbeya. Mwenye mgahawa, Konsolata, aliwahi kuwapikia Wafaransa kwa miaka mingi, akarudi nyumbani na mapishi yao: supu ya vitunguu iliyofunikwa kwa jibini, nyama iliyoivia ndani ya mvinyo, na kokteli za rangi zote. Vitambaa vya meza vilikuwa vyeupe. Tabea alipoviona alifikiria sanda, akajikemea moyoni.

"Kamwene, mama. Kamwene, baba," alisema Pendo, mhudumu. "Leo tuna paja la bata."

"Bata!" Haruni akacheka. "Tangu lini Mbena akala bata akashiba?"

"Huyu atakushibisha, baba. Ameshinda ndani ya mafuta tangu jana."

"Basi afadhali yeye. Mimi mafuta nimekatazwa." Haruni akamgeukia Tabea. "Shemeji, usiogope majina. Majina ni ya Kifaransa, ng'ombe ni wa hapa hapa."

Tabea alitabasamu kwa midomo tu. Haruni akainuka, akaenda mwenyewe kaunta kuagiza vinywaji. Alisimama pale kwa muda, ameinamia glasi, akizungumza na Konsolata. Tabea aliuona mgongo wake tu. Mikono hakuiona.

Pendo alileta glasi mbili. Ya Haruni ilikuwa ya njano. Ya Tabea ilikuwa nyekundu, ya matunda damu, na ukingo wake ulipakwa sukari. Kabla hawajagusa kitu, simu ya Haruni ililia. Dereva wake mmoja alikuwa amekwama njiani. Haruni akatoka nje.

Tabea alibaki akiitazama glasi. Chembe za tunda zilikuwa zikizama polepole. Alihisi jasho likimtoka kwapani, ingawa Makambako ilikuwa na baridi ya kukata masikio. Angeweza kuimwaga kwenye chungu cha maua. Angeweza kusingizia kichwa na kurudi Njombe. Lakini Jumatatu Lidia angefika mjini humu na sanduku lake. Ikiwa mama hawezi kumeza kinywaji cha mtu huyu, atamwachaje mtoto ale ugali wake kila jioni?

Haruni alirudi, akaketi. Akaitazama glasi nyekundu. Ilikuwa imejaa vilevile.

"Hunywi, shemeji?"

"Nasubiri unionjee."

Haruni alicheka kidogo. Kicheko kikakatika. "Shemeji, hapa si kilabuni. Wenzetu wa hapa kila mtu na glasi yake."

"Najua. Nionjee."

Haruni aliinua mkono, ukafika karibu na glasi, ukasita. Tabea aliukazia macho mkono huo. Basi ni kweli, aliwaza. Ameshindwa.

"Nimekuacha nayo peke yako," Haruni alisema kwa sauti ya chini.

"Unasemaje?"

"Nilipotoka nje. Glasi ilibaki na wewe. Watu wameniambia mengi, mama Lidia. Wanasema ulikwenda kwa mganga tangu msibani. Wanasema unanisubiri."

Tabea alipigwa na butwaa. Hakuwahi kudhani kwamba mtu mzima kama huyu angeweza kumwogopa. Lakini alijiambia pia kwamba mwenye sumu angesema maneno hayo hayo.

"Siku ile ya Efraimu," aliuliza, "kwa nini hukuonja?"

Haruni alipangusa uso kwa kitambaa cha meza. "Yule ni tumbo moja na mimi. Kulikuwa na wageni. Ningemwonjea, ningewaambia wote kwamba watoto wa mama mmoja wanaogopana. Nilimpa heshima. Heshima ile ndiyo inayonila mpaka leo."

"Mimi si tumbo moja na wewe."

"Hapana."

"Basi nionjee."

Haruni aliinua glasi. Alifumba macho na kunywa kama mtoto anayenyweshwa dawa chungu. Alipoitua, sukari ilikuwa imemganda mdomoni, na hakuifuta. Alikaa wima, mikono juu ya meza, akisikiliza tumbo lake. Tabea alielewa kwamba mtu huyu alikuwa akisubiri kufa. Aliogopa kweli, na alikuwa amekunywa.

Tabea aliivuta glasi. Kinywaji kikamwagika kidogo na kuacha doa kwenye kitambaa cheupe. Akanywa palepale alipokunywa Haruni. Kilikuwa kitamu. Utamu huo ulimtisha zaidi, maana hakujua ulikuwa umeficha nini.

Walitazamana. Pendo aliwawekea bata, akawakaribisha, akaondoka. Hakuna aliyegusa uma.

"Unasikiaje, shemeji?" Haruni aliuliza.

"Baridi," alisema Tabea. "Na wewe?"

"Baridi."

Ganda la mafuta likaanza kutanda juu ya nyama. Tabea alimeza mate, akasubiri, akameza tena.

"Lidia hali kiporo cha maharage," alisema mwishoni. "Kinamsumbua tumbo. Umwambie mkeo."

"Nitamwambia," alisema Haruni, bado akisikiliza tumbo lake.