Futi Moja ya Miradie

Jumatatu tarehe mosi Juni, saa moja kasorobo asubuhi, Teresia aliingia kazini katika nyumba ya wazee huko Tooting, akatundika koti, akanawa mikono, akaenda kuchukua mashuka safi kwenye stoo iliyo chini ya ngazi. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, aligonga paji la uso kwenye fremu ya mlango. Alijisugua kidogo, akainama, akaingia. Sababu aliijua. Picha yake ilikuwa imebandikwa tena kwenye ubao wa Nyota ya Mwezi, tuzo ya mtunzaji mwenye alama nyingi, mara ya nne mfululizo, na kila ilipobandikwa alirefuka inchi tatu.

Hakuna aliyelifanya jambo kubwa. Daktari alimpima akasema mifupa yake ni mizuri. Meneja wao, Victor, mwanamume mpole aliyependa fomu kuliko chai, alimpa fomu ya usalama ajaze kuhusu milango mifupi, na kampuni ikaleta sare ndefu zaidi. Nyumbani Stratford, binti yake Makena, mwenye miaka kumi na sita, aliinua macho kutoka kwenye simu mara moja tu.

"Mum, you're blocking the light," alisema, na Teresia akasogea asimzibie mwanga.

Kusema kweli, Teresia alifurahi. Kwao Meru alikuwa kitinda mimba wa watoto tisa, mtu wa kurithi viatu vilivyokwisha kuvaliwa na wanne, na hakuna aliyewahi kumwinulia uso. Sasa alikuwa futi sita na inchi mbili, na hata ndani ya treni watu walimwomba awasaidie kushusha mizigo. Alishusha kwa moyo mweupe.

Mashindano yenyewe yalikuwa ya kengele. Mzee akibonyeza kengele chumbani mwake, taa huwaka kwenye korido, na mtunzaji anayefika wa kwanza hugusisha kadi yake kwenye kitufe cha ukutani, kompyuta ikampa alama. Watunzaji wa ghorofa ile walikuwa watano, na tangu Februari walikuwa wakitimua mbio. Walipigana vikumbo kwenye kona, wakaombana radhi, wakaendelea. Kibet, ambaye kwa jina na kwa asili yake ya Kikalenjini kila mtu alimtarajia ashinde mbio, alikuwa na mgongo mbovu, na alikwisha kuchoka kuulizwa.

Wa mwisho kila mwezi alikuwa Miradie, mama kutoka Goma. Uvivu hakuwa nao. Ila alikuwa na tabia ya kumaliza jambo aliloanza. Akimlisha mtu uji, alimlisha mpaka kijiko cha mwisho. Akisimuliwa habari za harusi ya mwaka wa sitini na mbili, alisikiliza mpaka wageni wakaenda zao. Kengele nyingine zililia, wenzake wakazizima. Mwezi Februari alikuwa futi tano na inchi sita. Sasa alikuwa futi nne na nusu, na alipanda kigoda kufunga mapazia.

Aliyeigundua hesabu hiyo ni Mama Alka wa chumba namba saba. Alizaliwa Kisumu, akashona sare za shule huko miaka mingi kabla ya kuhamia London, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha dukani kwa Wahindi. Hakuwahi kuona haja ya kukipiga pasi. Utepe wake wa kupimia aliuweka chini ya mto. Asubuhi hiyo hiyo alimwita Teresia.

"Wewe simama sawasawa. Usivute pumzi." Alimpima, kisha akamwita Miradie akampima naye. "Wewe naongeza futi moja. Huyu napunguza futi moja. Hii kitambaa ni moja tu, mama."

Teresia alitazama chini. Miradie alikuwa akikunja mikono ya sare yake, mkunjo mmoja baada ya mwingine. Jambo hilo lilimchoma Teresia moyoni. Muda wote huo alidhani inchi zile zinatoka kwa Mungu.

Wiki hiyo tangazo likabandikwa karibu na ubao: atakayekuwa na alama chache kuliko wote kufikia mwisho wa Novemba atapunguziwa kazi hadi nusu ya saa zake. Miradie alilisoma akiwa juu ya kigoda. Mwanawe Gloire, mwenye miaka kumi, alikuwa bado Goma kwa nyanya yake, na wakili alikwisha kumwambia waziwazi kwamba ombi la kumleta mtoto litasimama ikiwa mama ana kazi kamili. Akiwa na nusu, lisahau.

"Miye sitakimbia," alimwambia Teresia. "Hata nikikimbia, na hii miguu, nitafika wapi?"

Siku hiyo Teresia aliwakusanya wote watano kwenye chumba cha kufulia, mashine zikizunguka, akawapa shauri la chama. Anne, Mkongomani mwenzake Miradie, alielewa kabla sentensi haijaisha. Kwao pia kulikuwa na vyama. Sapna, aliyezaliwa hapo hapo Tooting, akauliza chama ni kitu gani.

"Ni kama ile ya mathe, ya akina mama kule nyumbani," Kibet akasema. "Mnaweka pamoja, halafu mnapeana. Mwenye ako na shida ndio anaanza."

"Na mwenye ameshiba anangoja," Teresia akasema. "Huyo ni mimi."

Ikawa hivyo. Yeyote angeweza kuitikia kengele na kuanza kazi, lakini kitufe kiliachiwa Miradie mpaka alama zake ziwafikie wenzake. Baada yake angefuata Anne, kisha Sapna, kisha Kibet. Teresia hangegusa kitufe hata kimoja mpaka wote wawe sawa naye.

Korido zikatulia. Wazee, ambao kwa miezi minne walikuwa wameona sketi na visigino vikipita tu mlangoni, walianza kuona nyuso. Sasa watunzaji wawili walimnyanyua mtu pamoja bila kumwumiza, na bwana mmoja wa chumba namba tisa, aliyekuwa amesusa chakula tangu Pasaka, aliomba mayai. Mama Alka naye alipata kazi: kila mwisho wa mwezi alimfungulia Miradie pindo na kumpunguzia Teresia. Alifanya hivyo akiimba puani, na hakutaka kusaidiwa kutunga uzi.

Lakini jasiri haachi asili. Alhamisi moja ya Septemba, Teresia akiwa amebeba taulo, kengele ya chumba namba kumi na mbili ililia. Kabla hajajua anafanya nini, taulo zilikuwa sakafuni na kadi yake ilikuwa kwenye kitufe. Jioni akarudia. Ijumaa mara tatu. Kila mara alisikia utamu ukipanda kifuani, utamu ule ule wa utotoni wa kufika wa kwanza kwenye sufuria. Jumamosi asubuhi mikono ya sare ya Miradie ilikuwa imepita tena ncha za vidole vyake.

Teresia alimfuata kwenye chumba cha kufulia. "Ni mimi, Miradie. Nimebonyeza mara tano. Na nilisikia raha, nisikudanganye."

"Najua," Miradie akasema. "Nilikuona. Ulikuwa na furaha sana, nikaogopa kukuharibia."

Teresia akalia. Miradie akamsubiri amalize, kama kawaida yake, kisha wakaenda pamoja kwa Mama Alka.

"Moyo yako mzuri," Mama Alka alisema baada ya kufikiri. "Hii miguu ndiyo hapana adabu." Akawaelekeza chini ya kabati, kwenye viatu vya marehemu mumewe, vya ngozi nzito, namba kumi na moja. Teresia alivivaa hadi Novemba. Kutembea alitembea vizuri tu, ila akijaribu kukimbia viatu vilibaki nyuma, naye ilimbidi arudi kuvifuata.

Tarehe thelathini Novemba Victor alichapisha matokeo. Majina matano, alama zile zile mpaka ya mwisho. Alibonyeza tena kompyuta, ikatoa vile vile. Haikuwa na wa mwisho wa kumtaja. Miradie alikuwa amerudi futi tano na inchi sita, Teresia futi tano na inchi mbili, na hakuna aliyepunguziwa saa. Barua ya kazi kamili ilikwenda kwa wakili siku ile ile. Miradie aliwakumbatia mmoja mmoja, na alipomfikia Kibet alikumbuka mgongo wake akamkumbatia kwa upole.

Kesho yake ikaja barua kutoka makao makuu. Ilisifu ushirikiano wa Tooting, mfano wa kuigwa. Kwa hiyo, ilisema, kuanzia sasa nyumba zote kumi na tisa za kampuni zitashindana kati yao, na kwa alama zilizopo Tooting ni ya kwanza. Watunzaji wa nyumba iliyoshika mkia watapunguziwa saa mara moja. Asubuhi hiyo wote watano walikuwa wameongezeka inchi moja. Mama Alka aliwapima mara mbili. Hakuna hata mmoja kati yao aliyepungua. Wakala jalebi, vitamu vya Kihindi, alizoleta Sapna, na kwa muda wote wa chai hakuna aliyeuliza inchi zile zimetoka wapi.

Jumapili Teresia alikwenda ibada ya Kiswahili kule Stratford, akaketi karibu na Nyambura. Walikuja Uingereza kwa ndege moja, wakalia pamoja juu ya Sahara, na Nyambura alikuwa ameajiriwa na kampuni ile ile, nyumba ya Croydon, iliyoshika mkia. Miguu yake haikufika sakafuni. Ilikuwa inaning'inia kwenye benchi, imevaa viatu vya shule vya mtoto, vya kufunga kwa velkro.

"Hongera," Nyambura alisema kwa furaha ya kweli. "Nimesikia mmekuwa namba one. Hata umerefuka kidogo. Sisi wametukata hours, wote sita."

Teresia alimshika mkono. Akamweleza yote kwa sauti ya chini: chama, kitufe, nani anaanza na nani anangoja. Nyambura alisikiliza akiitikia kwa kichwa.

"Ni poa sana," akasema. "Tutajaribu. Lakini Teri, tukipanda sisi, si lazima wengine wawe wa mwisho?"

Teresia alitazama ile miguu inayoning'inia. Kwaya ikaanza, watu wakainuka. Nyambura akavua viatu, akapanda juu ya benchi ili ayaone maneno ukutani, na Teresia akamshika kiuno asianguke. Waliokuwa nyuma yao walisogea kidogo ili nao waone.