Hospitali Iliyo Katika Matengenezo Mafupi

Uliuona ukuta. Usiniambie hukuuona, maana kila asubuhi unapita pale na mkate wako kwapani, na asubuhi ile ulipunguza mwendo, ukatazama, kisha ukainamisha kichwa kama mtu aliyedondosha kifungo. Ukaenda zako. Basi nitakusimulia taratibu, kwa kuwa naona unapenda mambo ya taratibu.

Jumatatu hiyo, katika mji wetu wa Dolna Lipa, chini ya milima ya Balkan, wafanyakazi wa hospitali walifika kazini wakakuta hospitali haina mlango. Mahali pa mlango palikuwa na ukuta laini, chokaa yake bado mbichi, na juu yake maneno ya kijivu: "Tuko katika matengenezo mafupi. Tafadhali rudi baada ya muda kidogo." Ndani hapakuwa na mtu, kwa sababu tangu mwaka uliopita mkoa ulikataza kulaza wagonjwa mwisho wa wiki.

Muuguzi Snezhana aliweka kikombe chake cha kahawa kwenye ngazi, akagusa chokaa, akanusa kidole.

"Safari hii wamejitahidi," alisema. "Wodi ya watoto waliifunga kwa mbao tu."

Daktari Hranov, daktari wa uzazi, aliuliza nani ana funguo.

"Za nini, daktari?" Snezhana akamjibu.

Zdravka, mwanamke aliyetunza tovuti ya hospitali, alijua maneno yale yametoka wapi. Ijumaa alasiri, kwa agizo la mkoa, alikuwa amesasisha programu ya tovuti. Katikati ya kazi umeme ukakatika. Uliporudi, tovuti nzima ilikuwa imebaki ukurasa mmoja mweupe wenye maneno hayohayo, kwa herufi hizohizo za kijivu. Akaona ataimalizia Jumatatu.

Baada ya kuuona ukuta, alirudi akakaa jikoni kwake na kompyuta, mbele yake binti yake Ralitsa, mwenye mimba iliyotimia, akimenya viazi. Zdravka alifanya kile ambacho fundi yeyote hufanya. Alifuta nakala za zamani. Alizima nyongeza zote, akaziwasha mojamoja. Alikagua faili la mipangilio neno kwa neno, nukta kwa nukta. Yote yalikuwa sawa. Mwishowe akakuta faili dogo lililofichwa, lile ambalo programu huliandika ikianza kujisasisha na kulifuta ikimaliza. Likiwepo, tovuti huamini kwamba iko kwenye matengenezo. Dawa yake ni kulifuta tu.

Alibonyeza. Seva ikakataa: huna ruhusa, faili hili ni la Metodi.

Mzee Metodi ndiye aliyeisimika ile seva, naye alikuwa amekufa. Hakuna aliyemtoa kwenye usimamizi, kwa sababu Dolna Lipa hatuwatoi watu hivyo. Hata kwenye kengele za milango, majina ya marehemu hubaki mpaka jua liyafute lenyewe.

Zdravka akapiga simu mkoani.

"Mwenye faili ndiye anayefuta, mama," alisema karani. "Mlete."

"Amefariki."

"Pole sana. Basi aandike barua."

"Kijana, nimesema amefariki."

"Nimekusikia, mama. Ndiyo maana sikudai aje mwenyewe."

Kabla wiki haijaisha mji ulikuwa umezoea. Mtu alibandika tanzia ukutani, kama tunavyobandika za wafu wetu kwenye nguzo na milango, yenye picha ya hospitali na maneno "imetutoka baada ya kuugua kwa muda mrefu". Watu walisema imeandikwa vizuri. Mimi sikuzoea, maana mimi sisahau. Chumba cha upasuaji kilifungwa kwa matengenezo mafupi. Mashine ya eksirei ilipakiwa kwenye lori kwa matengenezo mafupi, na lori halikurudi. Wodi ya watoto ilipofungwa, ulisimama hapohapo kwenye foleni ya mkate ukasema, labda wanapaka rangi.

Jumamosi ya Marehemu, siku ya kuwakumbuka wafu, ilipofika, theluji ilikuwa imeifunga barabara ya mlimani, ile inayokwenda kwenye hospitali nyingine. Wanawake walipanda makaburini na ngano ya kuchemsha, mkate na divai. Zdravka alimkuta Mzee Metodi ameketi juu ya jiwe lake, koti limefungwa mpaka shingoni. Akamjazia sahani.

"Ngano haina sukari," alisema mzee.

"Ulikufa na kisukari, Mzee Metodi."

"Kwa hiyo hii itaniua?"

Zdravka akamwongezea sukari. "Nataka nywila yako. Ralitsa atajifungua wakati wowote, na hospitali haina mlango."

"Bado mnaitumia akaunti yangu?" Ilionekana imempendeza. "Ni jina la mbuzi wangu. Herufi ndogo zote."

"Belka? Au yule mweusi?"

"Mweusi alikuwa wa mke wangu." Kisha akaacha kutafuna. "Lakini sikiliza, binti. Faili lile huandikwa kwa jina la anayesasisha. Uliyesasisha ni wewe. Limepataje jina langu?"

Zdravka akaiweka divai chini.

"Marehemu hakatai kutia sahihi," alisema Mzee Metodi, akajifuta mdomo. "Wanatupendea hilo."

Alipofika nyumbani, alimkuta Ralitsa amesimama kaishika meza, chupa imepasuka. Gari la wagonjwa la ng'ambo ya mlima lilikuwa linasubiri theluji iondolewe barabarani. Zdravka akaandika jina la mbuzi, akalifuta faili. Papo hapo Snezhana akapiga simu kutoka uani mwa hospitali.

"Mlango huu hapa! Mleteni!"

Jirani akawapeleka kwa gari lake. Walipofika palikuwa na ukuta, chokaa mbichi. Zdravka akafungua kompyuta juu ya boneti. Faili limerudi. Kwa kuwa sasa alikuwa ameingia kama Metodi, akaona kile ambacho hakuruhusiwa kukiona: kazi iliyopangwa ndani ya seva, ya kuliandika faili lile upya kila linapofutwa. Ilipangwa kutoka ofisi ya mkoa, kwa jina la Metodi, kabla ya Ijumaa ile, Metodi akiwa tayari chini ya ardhi. Umeme haukuwa na kosa. Akajaribu kuiondoa kazi yenyewe. Seva ikasema hiyo ni ya mkoa.

Akafuta faili. Mlango ukaja. Daktari Hranov, aliyekuwa akisubiri uani pamoja na Snezhana, akakamata kitasa, mlango ukakaa pumzi moja, ukayeyuka mkononi mwake. Akafuta tena. Wakashika wawili, Hranov na Snezhana, na mlango ukakaa zaidi, hata Hranov akawahi kuingiza mkono na kutoka na boksi la glavu.

"Tukiwa wengi unakaa," alisema Snezhana. Akainua macho kwenye maghorofa ya mbele. "Shukeni! Ninyi wa ghorofa ya tatu, nawaona! Hilo pazia halijafuliwa tangu Pasaka!"

Mapazia yakatikisika. La kwako ni lile la njano. Hakushuka mtu.

Mtoto alizaliwa kwenye kiti cha nyuma. Msichana. Alikuwa wa buluu na hakulia. Oksijeni ilikuwa nyuma ya ukuta, chumba cha kwanza kushoto, ambacho Hranov angekifikia akiwa amefumba macho. Akampulizia kwa mdomo wake mpaka vioo vya gari vikafunga ukungu. Juu ya boneti Zdravka alikuwa anafuta, anafuta, anafuta.

"Zdravka," alisema Hranov baadaye. "Basi."

Hakuacha.

Ralitsa alimpa mtoto jina la Nevena. Tanzia yake haina picha, na ukuta uliipokea gundi vizuri. Mkoa ulijibu kwamba matengenezo yanaendelea kama yalivyopangwa.

Siku hizi Zdravka anakaa kwenye ngazi tangu asubuhi, kompyuta magotini, na kila anapofuta, mlango unakuja kwa muda wa chafya. Snezhana ana mti wenye ndoana. Ameshavua insulini na shuka mbili. Kuna wanaosema huduma imeboreka. Mzee Metodi anasalimia.

Kitasa ni cha shaba, kiko upande wa kulia, na kikija kinakuwa na joto. Mikono ya watu wawili ilitosha kwa boksi la glavu. Ya watu wangapi ingetosha kumwingiza mtoto ndani, hatujui, kwa sababu hatujawahi kuwa wengi hivyo. Mke wa jirani aliyewabeba kwa gari lake ana mimba ya miezi minane. Weka mkate chini. Vaa koti, shuka ngazi, uje ushike. Sasa hivi, kidole cha Zdravka kiko kwenye kitufe.