Umeliona Wapi?

Baba alikata roho asubuhi, kabla uji wake haujapoa. Nilimpigia kaka yangu Octavian aliyeko Dar es Salaam, akalia mpaka simu ikakatika. Alasiri, turubai likiwa limeshafungwa uani na wanawake wa mtaa wetu wa Gongoni wamekaa kwenye mikeka, ujumbe ukaingia kwenye simu ya baba. Ulitoka kwa Octavian, kwa ile namba yake ya pili.

"BENCH. Limepakwa rangi leo nje ya duka, mpaka likauke hakuna wa kulikalia."

Niliwasomea wote kwa sauti. Mama akajifunika uso kwa kanga. Alisema mwanawe amemsindikiza baba kwa neno, amemwandalia mahali pa kukaa.

Nieleze mchezo wenyewe. Baba, mzee Raymundi, alikuwa mtu wa reli, na Kiingereza chake alikiokoteza kwenye mabehewa na karatasi za mizigo. Alikuwa na mfuko wa vizibo vya soda, kila kimoja amekiandika herufi kwa rangi nyekundu. Unachomoa vitatu, kisha unatafuta neno la Kiingereza la herufi tano lenye hizo zote. Mimi na Octavian tulikua tukigombania maneno kama wenzetu walivyogombania mpira. Lakini kulipata hakukutosha. Baba aliuliza, "Umeliona wapi?" Ulipaswa kusema kitu chenyewe umekiona wapi kwa macho yako. Ukishindwa, neno lako ni la kuokota, unalirudisha.

Kiharusi kilipomshika mkono na mguu wa kulia, mimi nilikuwa nimepata kazi kwenye ghala la tumbaku kule Usoke. Octavian alikuja kumwona mgonjwa, akaniita kando.

"Mdogo wangu, tugawane mzee," alisema. "Wewe mpe mikono, mimi nitampa neno kila siku."

Niliona ni haki. Usoke sikwenda.

Basi kila jioni baba alichomoa vizibo kwa mkono wa kushoto, nami nikazituma herufi kwa namba ile ambayo Octavian alisema ni ya ujumbe tu, tusiipigie. Kesho yake alasiri jibu lilikuja na habari ya kilikoonekana kitu. KNIFE: muuza machungwa ana kisu kilicholika mpaka kimekuwa kama sindano. CHALK: mtoto kachora gari kwenye ukuta wa jirani, kachapwa, kalichora tena. Baba alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Jibu likichelewa, hakufungua kinywa nilipomlisha. "Huyu mtoto ana macho," alikuwa akisema. Sikuona wivu. Niliona tunambeba wawili.

Jioni ile ya msiba mama alimwomba jirani yetu Mfaume, fundi wa kuandika mabango, aliandike neno lile msalabani, chini ya tarehe. Mfaume ni Mzaramo, mababu zake walikuja Tabora na misafara, na utani wao na sisi Wanyamwezi ulianzia huko njiani. Akauliza kama alichoree benchi na miguu yake minne. Mama akacheka, kwa mara ya kwanza siku ile.

Octavian alifika kesho yake, tukazika. Mashada yaliufunika msalaba karibu wote, na neno nalo. Tuliporudi nyumbani Mfaume akaanza kazi ya mtani msibani, kumwigiza marehemu ili wafiwa wacheke. Alitoka chumbani amevaa kofia ya reli ya baba, anaburuta mguu, akaketi kwenye kiti cha baba na kudai vizibo vyake. Watu walicheka kabla hajasema lolote. Akalalamika kwamba kaburi ni fupi, miguu haipati pa kunyooka. Eti hawa Wanyamwezi wamezoea kubeba mizigo ya misafara tu, kuchimba wapi na wapi. Kisha akamgeukia Octavian.

"Wewe bwana wa Dar es Salaam. Neno lako limenikuta niko safarini. Hilo benchi umeliona wapi?"

"Benchi gani?" Octavian akauliza.

Ua mzima ukaangua kicheko. Walidhani anamjibu mtani kwa utani.

"Kumbe la kuokota," Mfaume akasema. "Rudisha."

Wakazidi kucheka, na mama akacheka mpaka akafuta machozi. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la vikombe, nikamtazama Octavian usoni. Alikuwa anauliza kweli.

Nilimfuata nyuma ya jiko alipokwenda kunawa. Nikamwuliza namba ile ni ya nani. Hakubisha. Alisema ni simu ya duka lake, anakaa nayo Swaumu, msichana anayemuuzia dukani. Mtandaoni kuna ukurasa, unaandika herufi zako, unachagua neno liwe la herufi ngapi, unaletewa yote yaliyopo. Mwanzoni alifanya mwenyewe, kama wiki hivi, halafu akamwonyesha Swaumu. Siku ya msiba aliondoka bila kumwambia Swaumu kwamba mzee amefariki.

"Na kile kisu?" nikamwuliza. "Na mtoto wa chaki?"

"Hayo ni ya kwake. Sijui alikuwa anayatoa wapi."

"Aliyaona."

Akatazama kandambili zake. "Nilikuwa na mambo mengi, Mektilda. Na mzee alifurahi, au hakufurahi? Mama usimwambie."

Alifurahi. Hilo ndilo linaloniuma. Nilimwogesha, nikamgeuza, nikamlisha, na nilipochoka nilijiambia kwamba upande wa pili ndugu yangu naye amebeba. Upande wa pili alikuwa msichana wa watu, ambaye hakuwahi kumwona baba hata siku moja, akiutazama mtaa wake vizuri ili amletee. Ndugu yangu hakuwepo. Na baba alikufa akimsifu kwa macho ya mtu mwingine.

Mama sikumwambia. Octavian alirudi Dar es Salaam baada ya kuanua tanga, na akipiga simu huongea na mama tu. Vizibo vimo kwenye mfuko wake, juu ya kabati. Neno liko palepale msalabani. Jumapili baada ya misa mama hulipangusa vumbi kwa ncha ya kanga, na mimi hubeba ndoo ya maji.