Asali ya Kununulia Nyumba

Basili alishachoka kupanga. Mwenye nyumba wao pale Dongobesh alikuwa amekataza kuku, halafu mbuzi, na wiki ile akamwambia Judica, mke wa Basili, kwamba hata moshi wa kuni unamchafulia ukuta. Judica hakugomba. Alimwambia mumewe tu kwamba asipopata nyumba yao wenyewe, yeye anarudi kwao Masieda na watoto.

Ndipo Basili akasikia kwenye mashine ya kusaga kwamba Mzee Tadei, mwenye nyumba ya tofali za kuchoma nje kidogo ya senta, anaiuza mwenyewe na hataki kumwona dalali. Basili alitaka kwenda asubuhi ileile apige hodi, aseme shida yake. Mjomba wake, Maximilian, akakataa katakata. Alisema mtu mzima haulizwi nyumba aliyolelea watoto kama unavyouliza chumvi dukani. Akatuma salamu kwa mzee kwamba watafika Jumapili baada ya misa, wana jambo lao. Jumapili ilipofika akamvalisha mpwa wake koti, yeye akabeba dumu la asali.

Walikuta uwanja umefagiwa, viti vimepangwa na mbuzi yuko motoni. Ndugu wawili wa mzee walikuwepo, majirani wa mpakani walikuwepo, hata mwenyekiti wa kitongoji. Basili akafurahi kwamba hapa wanunuzi wanaheshimiwa. Shikamoo zikazunguka. Mjomba akakabidhi asali, akaketi, akaanza kuzungumzia mvua. Akahamia kwenye ng'ombe, kisha mahindi. Basili alikuwa anakunja vidole ndani ya viatu.

Mwishowe Mzee Tadei akamgeukia, akamuuliza kama anakunywa pombe. Basili akasema kidogo, sikukuu. Akaulizwa kama ana mkono mwepesi wa kupiga. Basili aliona ni swali geni kwa mtu anayenunua nyumba, lakini akajibu kwamba hapigi. Wazee wakatazamana, wameridhika. Mzee akamwita binti yake Zita, fundi cherehani ambaye hajaolewa, akamuuliza kama amemwona mgeni.

"Nimemwona," Zita akasema. "Na mke wake namfahamu. Nilimshonea sare ya kwaya."

Ndugu mmoja wa mzee akaweka kikombe chini taratibu.

"Una mke?" Mzee Tadei akauliza.

"Ninaye, baba. Tena ndiye aliyenituma. Mimi nimekuja kununua nyumba."

Mjomba Maximilian akaitazama ile asali kama haijui. Koti, mjomba, asali, Jumapili. Basili naye sasa aliona kwamba alikuwa amekuja kuposa kwa kila kitu isipokuwa maneno. Akajua nyumba imekwenda. Akaanza kuinuka, akitafuta namna ya kuomba radhi.

Zita ndiye aliyeanza kucheka, mpaka akashikilia mlango. Alimwambia baba yake kwamba yeye anakwenda kufungua duka la kushonea Katesh, alishasema tangu zamani, na kwamba huyu hata angekuwa hana mke asingemtaka, ana masikio makubwa. Wazee wakaangua kicheko, Mzee Tadei akiwa wa mwisho.

Alipomaliza kufuta macho, akamuuliza Basili ni mtu gani anayenunua nyumba bila mwanamke wa kuikagua. Basili akapiga simu. Judica akaja kwa bodaboda, akapita kila chumba, akachungulia zizi, akauliza mvua ikinyesha maji yanaelekea wapi. Mzee hakumficha: yanatuama nyuma ya jiko. Bei walielewana kabla nyama haijaiva.

Basili akauliza, kwa woga, kama waandikishane kesho.

"Kesho ya nini?" mwenyekiti akasema. "Majirani wa mpakani hawa hapa, ndugu wa muuzaji hawa hapa, mjomba wako yupo, na mimi nipo. Ungetaka kutukusanya mwenyewe ungezunguka mwezi mzima, bwana posa."

Wakaandikishana palepale, juu ya meza ya cherehani. Mbuzi akaliwa, asali ikaonjwa, mjomba akarudi kwenye habari za mvua na safari hii alisikilizwa. Basili alipoinuka kumpelekea mkewe sahani ya nyama, alimkuta nyuma ya jiko, kitenge kimefungwa kiunoni, jembe la mzee mkononi, anachimba mfereji.