Makopo Arobaini ya Rafu ya Tatu

Kila asubuhi, kabla ya kufungua dirisha la dawa, Editha alipangusa kisahani cha kuhesabia vidonge kwa spiriti, akakikausha kwa pamba, akakiweka mkono wa kulia pamoja na kijiti chake bapa. Alikuwa amefanya hivyo miaka thelathini na mmoja katika hospitali ile ndogo, juu kidogo ya Bigwa, pale mlima unapoanza. Ijumaa hiyo ya mwisho wa mwezi wa sita alipangusa na kompyuta. Ilikuwa mpya, bado ina nailoni kwenye kioo.

Aliyeileta ni Ernest, mwalimu wa mfumo kutoka makao makuu, mtu mpole anayetoa shikamoo hata kwa mfagiaji. Alizifungua kadi zote za karatasi zilizokuwa zikining'inia kwa uzi kwenye rafu, zile ambazo kila kopo likitoka Editha aliandika tarehe na kusaini, akazitia kwenye boksi. Kisha akaomba na muhuri wa HAKUNA.

Muhuri wenyewe ulikuwa na mpini wa mbao uliong'aa kwa jasho la viganja. Dawa ikiisha, Editha aliupiga kwenye cheti, na kwa alama hiyo mgonjwa akapewa dawa hospitali nyingine, au duka la mjini. Asiye na alama alirudishwa.

"Muhuri hauna kazi tena, mama," Ernest alisema. "Dawa ikiisha, mfumo wenyewe unachapa barua."

Editha akasema ameuacha nyumbani. Ulikuwa kwenye mtoto wa meza, umefungwa kwenye kitambaa. Hakujua kwa nini amedanganya.

Siku hiyo wageni walikuwa wakija kuuzindua mfumo, na kwenye kioo mistari yote ilikuwa ya kijani isipokuwa mmoja. Vidonge vya kifafa vilikuwa vimekwisha. Dereva wa gari la dawa alipiga simu kwamba yuko Dumila anakunywa chai, akatuma na picha ya hati ya mzigo: makopo arobaini. Ernest alitazama saa, akatazama na lango.

"Mama, gari likishafika Dumila ni kama limefika. Bonyeza Pokea."

Editha hakuwahi kusaini mzigo asiouhesabu. Lakini pilau ya wageni ilikuwa imekwisha kuiva, na kutoka Dumila kuja Morogoro si safari ya kulala njiani. Akabonyeza. Mstari ukawa wa kijani, na wageni walipoingia walipiga makofi.

Gari halikufika. Pale pale Dumila dereva alipigiwa simu ageuze, mzigo ukapelekwa kwingine ambako mistari myekundu ilikuwa mingi zaidi.

Jumatatu Editha alipoingia bohari alikuta rafu ya tatu, ya vidonge vya kifafa, imepinda katikati, kama kitanda cha kamba alicholalia mtu mnene. Juu yake hapakuwa na kitu. Alipeleka mikono pale ambapo kopo lingekaa, akainua. Viganja vilipata uzito, kama nusu kilo hivi, ila havikupata kopo. Akainamisha ule uzito juu ya kisahani, na vidonge vikasikika vikigonga bati, tik, tik, tik. Kisahani kilibaki kitupu. Alivihesabu kwa sikio, tano tano, hadi elfu moja. Halafu akahesabu makopo yote kwa viganja. Yalikuwa arobaini kamili.

Akampigia Ernest, akamweleza, akaomba mzigo ufutwe.

"Kufuta inabidi uchague sababu, mama. Imevunjika, imelowa, imeisha muda, imeibiwa."

"Ya haikufika haipo?"

"Haipo. Mfumo haupokei kitu ambacho hakijafika."

"Huu umepokea."

Ernest akauliza, "Zina uzito?"

"Zina."

"Basi si zipo, mama?"

Editha aliifikiria ile sababu ya kuibiwa. Angeichagua, kesho yake angekuwa kituo cha polisi akieleza zilikokwenda, naye alikuwa amebakiza miezi minane astaafu. Akakata simu, akaenda kumwita seremala aje aiangalie rafu.

Kesho yake akaja Bi Mwaisha. Huyu alikuwa mkulima wa huko juu milimani, mwendo wa saa tatu kwa miguu, na kila Jumanne ya kwanza ya mwezi alishuka kuchukua vidonge vya binti yake Sabra. Sabra alikuwa na miaka kumi na tisa, msukaji wa mikeka. Akimeza vidonge viwili kila siku haanguki. Bi Mwaisha hakuwa mtu wa kuja mikono mitupu: kila mwezi alimletea Editha fungu la magimbi ndani ya jani la mgomba, akaliweka dirishani bila kusema lolote.

Editha alimhesabia vidonge sitini kwa sikio, akavifunga kwenye bahasha. Bi Mwaisha aliitikisa.

"Vinalia, Dokta."

"Ndiyo."

"Lakini sivioni."

"Mfumo unaviona."

"Basi mfumo ndio uvimeze," Bi Mwaisha alisema, na waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Hata hivyo aliweka dole gumba kwenye kioo, na simu yake ikalia ndani ya kibwebwe: *Umepokea vidonge 60. Ugua pole.* Akaitia bahasha kwenye kikapu, akapanda mlima.

Mwezi wa nane aliporudi, alisema Sabra alivimeza vyote. "Kooni anavisikia vikishuka. Vikishafika tumboni havina habari naye. Ameanguka mara nne. Mara moja jikoni, mkono umeungua." Alieleza hayo kwa sauti ya kuagiza chumvi. Editha akampa bahasha nyingine, naye akaweka dole gumba.

Mwezi wa tisa aliweka magimbi dirishani, akasogeza uso karibu na wavu.

"Mwenzangu, nipigie ule muhuri wako. Nimekwenda mjini, wanautaka. Nimewaambia hospitali dawa hakuna, wametazama kwenye kompyuta yao, wakasema kwako zimejaa."

Editha aliuvuta mtoto wa meza hadi nusu. Kitambaa kilikuwa pale pale, na kidau cha wino hakijakauka. Alifikiria cheti chenye HAKUNA kikifika mjini, mtu wa mjini akifungua kioo na kuona makopo thelathini na tisa na kitu, na jina lake chini. Alihesabu miezi iliyobaki. Ilikuwa sita.

"Uko nyumbani," akasema.

"Kesho utakuja nao?"

"Muhuri umepotea, mama Sabra."

Bi Mwaisha alimtazama. Kisha akatazama ule mtoto wa meza uliobaki wazi. Akachukua bahasha yake.

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa kumi alikuja kama kawaida, saa nne, amejifunga kaniki. Aliweka magimbi dirishani, na pembeni yake akaweka bahasha mbili, ya mwezi wa nane na ya mwezi wa tisa, hazijafunguliwa.

"Nimerudisha," alisema. "Mlituambia dawa isiyotumika irudi, isizagae kwa watoto."

"Ndiyo, ndivyo tulivyosema."

"Alikuwa mtoni anasuuza ukili. Maji yenyewe ya magotini."

Editha alisema pole. Bi Mwaisha akaitika kwamba wameshapoa. Bahasha ziliwekwa kwenye mizani, vidonge vikahesabiwa kwa sikio, tano tano, mia na ishirini, hakuna kilichopungua. Kwenye kioo Editha akabonyeza Rudisha, na mfumo ukauliza sababu. Orodha ilikuwa ndefu safari hii. *Mgonjwa amefariki* ilikuwa ya kwanza kabisa. Akaichagua, Bi Mwaisha akaweka dole gumba, na simu yake ikalia. Hakuitazama.

Wiki hiyo Ernest alileta cheti cha pongezi kilichotiwa fremu, kwa kuwa katika miezi mitatu hospitali haikuishiwa dawa hata moja. Alikitundika mwenyewe, akarudi nyuma kuona kama kimekaa sawa. Alileta pia karatasi ya mzigo wa miezi mitatu ijayo. Kwenye mstari wa kifafa paliandikwa sifuri, maana akiba inatosha.

"Mama, mnafanya vizuri sana huku," alisema. Akapewa magimbi mawili ya kuchemsha kwa chai, akayasifu.

Alipoondoka, Editha alimimina vile vidonge mia na ishirini kwenye kopo lake la rafu ya tatu. Rafu ilishuka kidogo, kiasi cha unene wa ukucha. Seremala alikuwa amemwachia vipande vya mbao kwa ajili hiyo. Alichagua kimoja, akakipima kwa jicho, akakisukumia chini ya rafu kwa kisigino cha mkono mpaka kikashika. Kisha akanawa, akapangusa kisahani kwa spiriti, akaenda kufungua dirisha.