Wasifu Uliobaki Pipani

Pikipiki ilisimama mbele ya nyumba ya mwalimu Violeth, lakini dereva hakuzima injini. Nicodemo aliruka chini na laptop ndani ya mfuko wa sandarusi, akabisha hodi huku tayari ameshika komeo la mlango. Nyuma yake shangazi Philomena alishuka polepole, akimweleza dereva kwamba angemlipa nusu ya nauli, kwa kuwa nusu ya safari walikuwa hewani.

“Shikamoo, shangazi,” Violeth alisema.

“Marahaba, mwanangu. Pole na msiba.”

Violeth aliitikia huku akiwasogezea viti. Tangu mzee Hhando afariki, watu wachache tu pale Bashay walikuwa wamempa pole. Wengine hawakujua kama inafaa. Yeye ndiye aliyekuwa mtoto wa kwanza wa mzee, lakini alizaliwa Getanuwas, kwa mwanamke ambaye mzee hakumwoa. Mzee alimlipia ada mpaka chuo cha ualimu, wala hakuwahi kumkana. Ila hakuwahi kumfikisha nyumbani kwake. Serikali ndiyo iliyomleta Bashay, ilipompangia shule ya kata, kilima kimoja tu kutoka kwenye boma la baba yake. Nicodemo, mkubwa wa watoto wa ndoa, alikuwa mdogo kwake, lakini hakuwahi kumwamkia wala kumwita dada. Alimwita mwalimu, kama wanafunzi walivyomwita.

“Mwalimu, mashine yako imenigomea,” Nicodemo alisema, akiiweka laptop mezani. “Ibada ni saa nane. Mwili umeshatoka hospitali, na sijachapa hata karatasi moja.”

Mashine haikuwa yake, ilikuwa ya kigango, kanisa dogo la kijiji. Mwaka uliopita ilikuwa nzito kiasi cha kutupwa, ndipo Violeth alipoiwekea mfumo mwepesi uitwao Linux, ule unaokuja na programu zake ndani: ya kuandika, ya picha, ya video. Tangu hapo Nicodemo, katibu wa kwaya, alikuwa akiitumia bila shida. Hakuna stationeri mjini Mbulu iliyokuwa tayari kuigusa, kwa kuwa hazikuujua mfumo huo.

Violeth alifungua programu ya kuandika. Nembo yake ilitokea, ikakaa kidogo, ikapotea. Alijaribu tena. Ikapotea tena, bila neno.

“Ndivyo inavyofanya,” Nicodemo alisema. Alikuwa bado amesimama, akipigapiga funguo kwenye paja. “Kama mtu anayechungulia mlangoni na kuondoka.”

“Kaa, basi. Unanitia wasiwasi.”

“Siwezi kukaa.”

Violeth naye hakuwa ametulia, ingawa mikono yake ilifanya kazi kwa utaratibu. Ndani ya mashine ile mlikuwa na wasifu wa marehemu na ratiba ya mazishi. Atakayetajwa ndiye atakayeitwa kuweka shada kaburini. Asiyetajwa atasimama nyuma na majirani. Kwa siku zote za msiba hakuwa ameuliza kama jina lake limo. Alijiambia kwamba atasimama na walimu wenzake, na kwamba hilo linatosha. Halikutosha, na alilijua.

Alifungua dirisha jeusi la amri, akaiita programu kwa jina lake kutoka humo. Programu ikifunguliwa hivyo haiondoki kimya, husema kinachoiuma. Mstari mmoja ulitokea.

“Diski imejaa,” alisema. “Haina mahali pa kuweka hata kitu kidogo, kwa hiyo inajifunga. Umejaza video za kwaya?”

“Nilizifuta zote jana.”

“Ulizitupa kwenye pipa la taka la mashine. Pipa lenyewe hukulimwaga. Bado zinakula nafasi ileile.”

“Kumbe,” shangazi Philomena alisema. “Mtu amepeleka ng’ombe kwa jirani wamtunzie, kisha anatangaza ameuza.”

“Ndivyo hasa, shangazi.”

“Basi mwaga,” Nicodemo alisema upesi. “Mwaga pipa lote. Hakuna cha maana humo.”

Violeth hakumwaga. Kwanza aliutafuta wasifu wenyewe. Faili lilikuwepo, limeitwa Wasifu Mpya, na ukubwa wake ulikuwa sifuri.

“Uliuhifadhi lini?”

“Jana usiku. Mashine ilizubaa, nikaizima.”

“Haukuhifadhiwa. Hapakuwa na nafasi. Hili ni jina tu. Ndani hamna kitu.”

Nicodemo alikaa. Nje, dereva alivuta mafuta, injini ikanguruma na kushuka. Simu ya Nicodemo iliita. Akaitazama, akaiacha iite mpaka ikachoka.

“Una nakala nyingine?” Violeth aliuliza.

“Sina.”

“Anayo,” shangazi alisema. “Ile ya kwanza, aliyonisomea mimi jikoni. Ilikuwa nzuri. Nililia.”

“Niliifuta, shangazi.”

“Kama ulivyozifuta video?”

Violeth alilifungua pipa. Nicodemo alinyoosha mkono kama anayetaka kufunga laptop, kisha akaurudisha akajikuna shingo. Video zilikuwa zimepangwa moja baada ya nyingine, na katikati yake palikuwa na faili dogo: Wasifu wa Baba. Violeth alilitoa, akaliweka salama. Kisha akaliamuru pipa lijimwage. Mashine iliuliza kama ana hakika. Alikuwa na hakika.

Programu ilifunguka, ikabaki wazi.

Alisoma kwa macho tu. Kuzaliwa kwa mzee, ubatizo wake, mashamba ya vitunguu saumu, ujenzi wa kigango, ugonjwa. Kisha: Marehemu ameacha mjane, watoto watano na wajukuu. Jina lake lilikuwa la kwanza. Violeth, mwalimu. Baada yake Nicodemo, Judica, Baltazar na Xavery. Katika ratiba iliyofuata chini yake pia aliitwa wa kwanza, kwa mpangilio wa kuzaliwa.

Aliusoma mstari ule tena, ingawa aliuelewa mara ya kwanza.

“Nani aliandika huu?”

“Mimi.”

“Na ule mpya?”

“Mimi.” Nicodemo alitazama mikono yake. “Mama alisema jina lako likisomwa, atainuka na kuondoka kaburini. Mbele ya padri. Mwalimu, ningefanyaje? Mume wake amelala kwenye jeneza.”

“Kwa hiyo tukawa wanne.”

“Kwenye karatasi.”

“Karatasi ndiyo itakayosomwa.” Violeth aliweka vidole juu ya herufi. “Niambie nifute wapi. Mimi nachapa tu. Sema, nami nitafuta.”

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomshinda Nicodemo. Alifungua mdomo. Shangazi Philomena alimtazama kama mtu anayemsubiri mtoto amalize kutema alichokitafuna. Simu iliita tena.

“Siwezi kukuambia,” alisema mwishoni. “Usiku niliweza kwa sababu nilikuwa peke yangu.”

Betri ya laptop ilikuwa imeshuka mpaka rangi nyekundu, na umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Printa, aliyokuwa ameichukua shuleni kwa ajili ya mitihani, ilitegemea betri ya sola iliyokuwa inachoka. Violeth alitazama sentensi ile. Akiandika wanne, atakuwa amechapa uongo kwa mkono wake mwenyewe. Akiandika watano, atamwondoa mjane kwenye kaburi la mumewe. Chuoni walimfundisha kwamba sentensi ikigoma, punguza maneno.

Alianza na jina lake. Akafuta la Nicodemo, la Judica, la Baltazar, la Xavery. Akafuta hesabu. Ikabaki: Marehemu ameacha mjane, watoto na wajukuu. Katika ratiba, mahali pa majina yote, aliandika neno moja: Watoto.

Nicodemo aliinama kusoma. “Watu watauliza wangapi.”

“Watahesabu,” shangazi alisema. “Macho wanayo.”

“Na mama?”

“Hakuna jina litakalosomwa,” Violeth alisema. “Alilokataa ni hilo.”

Nicodemo aliitikia kwa kichwa. Printa ilianza kuvuta karatasi, ikikwama na kuendelea. Alizipokea zikiwa bado na joto, akazipanga bila kuzihesabu. Alipofika mlangoni aligeuka.

“Ile ya kwanza usiifute.”

“Umeshaona nilipoiweka,” Violeth alijibu.

Saa nane upepo ulikuwa unapeperusha turubai juu ya waombolezaji. Violeth alisimama na walimu, karatasi mkononi, akiikunja na kuikunjua mpaka ikalegea. Katekista Gerald alisoma wasifu kwa sauti nzito. Alipofika kwenye mstari ule alisita, kama aliyetegemea majina, kisha akaendelea.

Kaburi lilipofukiwa, mjane aliweka shada lake, akarudi kwenye kiti.

“Watoto wa marehemu,” Gerald aliita.

Judica alisimama. Baltazar na Xavery walimfuata. Nicodemo alikuwa mbele, ameshika shada, na kwa desturi ndiye aliyepaswa kuanza kutembea. Hakutembea. Alisogea kando, akaacha nafasi mwanzoni mwa mstari, mahali pa mkubwa wao, akasimama akisubiri. Minong’ono ilipita chini ya turubai. Gerald aliinua macho kutoka kwenye karatasi.

“Watoto wa marehemu,” alirudia.

Miguu ya Violeth ilitangulia kabla hajaamua. Alipita katikati ya viti, akasikia mtu akishusha pumzi, akafika. Nicodemo alimpa shada alilokuwa nalo, akachukua jingine kwa Xavery, aliyekuwa ameshika mawili.

Mama Nicodemo aliinua uso. Alishika mikono ya kiti kama mtu anayetaka kusimama, na watu wote waliokuwa karibu naye waligeuka kumtazama. Aliutazama mstari mzima, kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akaachia kiti, akavuta kitenge mabegani, akabaki alipokuwa.

Nyuma yake, shangazi Philomena alikuwa anahesabu kwa vidole, bila kujificha. Alipofika kwenye kidole gumba, cha tano, alifunga ngumi.