Sala ya Matofali

Gari lilikuwa limeshaondoka uwanjani na kwaya ilikuwa bado inaimba ndani yake. Mikono ilitoka madirishani, mingine na vitambaa, vumbi likapanda likaimeza mmoja mmoja, ikabaki sauti tu, nayo ikaishia kule korongoni. Loisi alikuwa bado anapunga. Alijua akishusha mkono itabidi ageuke, na akigeuka atawaona watu wa Chilunda.

Mwisho akageuka. Walikuwa wamesimama kando ya zizi la mbuzi, wanaume kwa wanawake, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameinua mkono. Walikuwa wanayatazama matofali.

Yalikuwa yamelala kwa mistari uwanja mzima, mabichi, yanang'aa maji. Washarika wa Kilutheri kutoka Mtumba walifika asubuhi na kosta moja, boza la maji likiwafuata nyuma, wakavua viatu, wakakanyaga udongo na kufyatua matofali mpaka jua likaegemea. Wengi wao watu wa wizarani, viganja laini. Waliota malengelenge wakaonyeshana na kucheka. Idara yao ya diakonia, inayohudumia wahitaji, ilikuwa imechangishana mwaka mzima kwa ajili ya nyumba hii. Mabati yalishafika, yamehifadhiwa kanisani, zilikuwa zinangojewa kuta. Tembe ya Loisi ilikuwa imeinama upande mmoja, na udongo wa paa ulishamwagika kitandani mara mbili. Mumewe alishafariki, na mtoto wake mmoja, Anitha, ameolewa Gulwe, karibu na reli. Kama kuna mtu wa kujengewa nyumba kijijini pale, basi ni yeye. Hilo halikuwa na mbishi.

Balaa ilikuwa sala.

Wakati wa kufunga kazi, mwenyekiti wa diakonia, mama mmoja mchangamfu aitwaye Devota, aliwakusanya wote, wageni na wenyeji. Kwaya walikuwa na spika, kwa hiyo aliomba kwa kipaza sauti. Akamwombea mjane, akawaombea waliotoa na waliochoka. Halafu, sijui alifumbua jicho, akaona wingu limekaa juu ya milima ya Kibakwe. Akasema, "Na mvua ile, Bwana, tunakusihi uizuie. Izuie kwa wiki mbili tu, matofali ya mama yetu yakauke."

Loisi alikuwa amefumba macho kwa shukrani. Akaitikia "Amina." Aliitikia kwa nguvu kuliko wote, na kipaza kilikuwa karibu na mdomo wake.

Ilikuwa Desemba. Mbegu za kijiji kizima zilikuwa ardhini, zimepandwa kavukavu, zinangoja.

"Umesikia alivyosema?" mwanamke mmoja alimuuliza mwenzake pale zizini.

"Nimesikia. Na mwenye nyumba kaitikia."

Nikodemo, mwinjilisti wa mtaa ule wa kanisa, alikuwa karibu, naye alisikia. Alikuwa amekulia mlango wa pili na kwa Loisi, kamwita mama tangu hajajua kutembea. "Ingia ndani, mama, ukapumzike," alimwambia. "Maneno tu hayo." Lakini hakumtazama machoni.

Wingu la Kibakwe lilipotea siku ileile. Hilo peke yake lingesameheka. Lakini wiki iliyofuata yakaja mawingu meusi, yakasimama juu ya Chilunda kabisa, akina mama wakatoa masufuria nje, watoto wakavua mashati. Upepo ukayasukuma ng'ambo. Ng'ambo ya korongo walipata manyunyu. Chilunda, hata tone. Na kila kulipokucha matofali yalikuwa yamekauka zaidi. Yalitoka kwenye weusi yakaingia kijivu, kisha yakaanza weupe pembeni, na Loisi aliyatazama kama mtu anayetazama kidonda cha mguu wake.

Alipopeleka mtama mashineni, Batholomeo mwenye mashine alimwambia imeharibika. Akajitwika mzigo wake kurudi, na hajafika hata kwenye mkwaju akaisikia nyuma yake inanguruma. Kwenye visima vya mchangani mazungumzo yalikatika alipotokea. Jirani yake Elieth, aliyekuwa anaazima moto kwake, alichota harakaharaka akaondoka na ndoo nusu. Mtu wa Chilunda akiacha maji kisimani, ujue amekimbia kitu.

Jioni moja jiwe likaanguka juu ya tembe. Halikuwa kubwa. Liliviringika, udongo kidogo ukamwagika ndani, kimya kikarudi. Loisi alikaa na tonge mkononi mpaka ugali ukapoa.

Alikuwa na sababu ya kuogopa jiwe dogo. Wakati yeye bado ni mke mgeni, ng'ambo ya korongo kulikuwa na bibi mmoja ambaye watu walisema ameifunga mvua. Walimwambia aifungue, akasema hajui ilikofungwa. Yaliyofuata hakuna aliyeyasimulia. Walichosimulia ni kwamba nyumba iliungua na yeye hakutoka. Loisi alikwenda na wanawake wenzake kuona majivu. Alikumbuka kipini cha jembe kilichobaki nusu. Alikumbuka pia kwamba mwaka ule mvua haikunyesha hata hivyo.

Kukimbilia Gulwe kwa Anitha? Aliliwaza kila siku. Lakini nchi ile ni tambarare. Bibi mwenye mzigo kichwani anaonekana tangu asubuhi mpaka mchana, na anayekimbia amekiri.

Siku moja akaja Sila, mchana, anatembea polepole na fimbo yake ya ng'ombe. Alikuwa rika la marehemu mumewe, na tangu ujana wao alikuwa anamtania kama shemeji.

"Mbukwa, shemeji."

"Mbukwa. Karibu kigoda."

"Unakunywa uji mchana? Basi wewe tajiri."

"Ndio unga wa mwisho. Mashine ya Batholomeo inaugua kila nikifika mimi."

Sila alicheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia. Akayatazama matofali. "Nimepanda mara mbili, shemeji. Ya kwanza wameila panya. Ya pili inakaangika huko chini kama bisi. Mbegu nyingine sina."

"Na wewe unasema ni mimi?"

"Mimi nimekuja kwa miguu yangu, mchana. Anayekuja mchana ni rafiki." Akachora mstari mchangani kwa fimbo. "Vijana wanakutajataja. Wanasema wale wageni walimwaga boza zima kwenye udongo, wake zetu wamesimama na ndoo tupu, halafu wakaomba na ya mbinguni izuiwe. Na wewe ukaitikia. Kilichofungwa anakifungua aliyekifunga. Yule mama aje afungue. Jumamosi tutakaa hapa kwako. Ikipita Jumamosi, mimi sitaweza kuwazuia. Mimi ni mzee tu, si ukuta."

Loisi hakumaliza uji. Alikwenda moja kwa moja kanisani, akamkuta Nikodemo anafagia.

"Nataka niyavunje matofali," alisema.

"Hapana, mama. Tukiyavunja tumewakubalia kwamba Mungu anafungwa kama mbuzi. Miaka yote ninayohubiri hapa itakuwa kazi bure."

"Na nikichomwa, mtakuwa mmewakatalia?"

Nikodemo aliegemeza ufagio ukutani. Halafu akatoa simu, akatoka nje mpaka kwenye kichuguu kilicho kati ya kanisa na uwanja wa Loisi, kwa kuwa mtandao Chilunda unapatikana juu ya kichuguu kile tu. Akampigia Devota. Loisi alisimama chini anasikiliza, maana mama yule alikuwa na sauti ya kupenya.

"Nikodemo, jamani, mimi niko Morogoro kwenye semina," Devota alisema, na mwanzoni alicheka. "Nifungue sala? Kwani sala ni meseji, niifute?"

"Hapa si jambo la kucheka, mama."

"Hali ya hewa wametangaza kabisa, kanda ya kati mvua itachelewa. Waelimishe."

"Hapa hawakuisikiliza hali ya hewa. Walikusikiliza wewe."

Devota akasema ataona atakavyofanya, simu ikakatika, na haikujulikana kama ni mtandao au ni yeye.

Jumamosi walikuja. Waliingia uwanjani wawili wawili, hawakusalimia. Wengine walikuwa na fimbo za ng'ombe na hilo si neno. Wengine walikuwa na mapanga, wakasema wanatoka shambani, lakini ni shamba gani linafyekwa mwaka usio na jani? Kijana mmoja, Fredy, alishika dumu dogo la njano. Loisi alilitazama lile dumu. Halikunuka maji.

Alikaa kwenye kigoda mlangoni.

"Yule mama yuko wapi?" Sila aliuliza.

"Hakuweza kuja," Nikodemo alisema. "Ataongea kwa simu."

"Simu," Fredy alisema. "Alifunga kwa spika, anafungua kwa simu. Haya, tupandeni kichuguuni, wenye mafuta ya taa na wenye Biblia."

Wachache walicheka, na kicheko kile kilimtisha Loisi kuliko panga. Watu wakasogea wote mpaka kichuguuni. Elieth alimpita Loisi bila kumtazama, lakini alipunguza mwendo, wakaenda sambamba.

Simu iliita muda mrefu. Ilipopokelewa, vikombe vilisikika vinagongana, watu wanakunywa chai mahali fulani. Nikodemo akaongeza sauti mpaka mwisho, akaiinua juu.

"Ndugu zangu wa Chilunda," Devota alianza, "nawasalimu. Naomba mnielewe, mvua ni suala la kisayansi, inategemea upepo wa..."

"Siku ile hukutaja sayansi," Fredy alisema.

Vikombe vikaendelea kugongana. Watu wakaanza kugeuka kuelekea kwenye tembe, na dumu lilihama mkono mmoja kwenda mwingine. Loisi akapanda kichuguu, akaichukua simu.

"Devota, mwanangu. Ni mimi, mama wa matofali."

"Mama, shikamoo. Wamekufanya nini?"

"Marahaba. Hawajanifanya kitu. Bado."

Neno lile lilitoka dogo, kila mtu akalisikia. Huko Morogoro mlango ulifungwa, vikombe vikanyamaza.

"Nifanyeje, mama?"

"Uliomba isije. Omba ije."

Nikodemo alichungulia simu kama imekatika. Halafu Devota akaomba. Haikuwa sauti ya siku ile. Alisema, "Bwana, niliomba vibaya. Niliomba kwa ajili ya nyumba moja, sikuwatazama waliosimama nyuma yangu. Walikuwa wamepanda, nami sikuuliza. Niliyoyasema siku ile nayarudisha. Lete mvua Chilunda. Na huyu mama usimwachie adhabu yangu." Akashindwa kuendelea.

Wakaitikia. Waliobatizwa na wasiobatizwa, "Amina," kama mlio wa mlango mzito. Safari hii Loisi aliitikia wa mwisho, baada ya kuhakikisha wote wamemaliza.

Sila alivaa kofia yake. Wengine wakaanza kupumua. Lakini Fredy alikuwa hajaondoka.

"Na matofali?" alisema. "Yakiwepo yale, ile sala ya kwanza bado ina kazi ya kufanya."

Mtu mmoja akasema kweli, mwingine naye akasema kweli. Nikodemo akashuka mbio, akasimama mbele ya matofali na mikono imetanuka, mmoja umeshika Biblia. "Haya ni mali ya kanisa," alisema. "Ni sadaka ya watu." Wakamsogelea. Mwenye panga wa mbele alikuwa binamu yake, na hakupunguza mwendo.

Loisi alipita katikati yao akaingia ndani. Alitoka na ndoo yake ya maji ya kunywa, ndiyo yote aliyokuwa nayo. Akaimwaga juu ya mstari wa kwanza. Matofali yalikuwa yamekauka, yaliyanywa maji kwa sauti na hayakuvunjika. Akaweka ndoo chini, akachukua mchi, akalipiga la kwanza.

"Mama, acha," Nikodemo alisema.

"Niachie, mwanangu. Hiyo nyumba sijawahi kulala ndani yake. Siwezi kuililia."

Akapiga la pili. Lilikuwa tofali zuri, limenyooka, na kwa juu lilikuwa na alama ya kiganja cha mtu, mwenye vidole vyembamba. Akapiga palepale kwenye kiganja.

Nikodemo akaiweka Biblia juu ya kigoda, akachukua jembe lililoegemea ukutani, akaanza mstari wa pili. Elieth akaja na ndoo. Halafu wakaja wote, kwa vishoka, kwa visigino, bila wimbo wala vigelegele, mpaka uwanja ukawa udongo mtupu.

Waliondoka kama walivyokuja. Fredy aliondoka na dumu lake. Sila alibaki nyuma kidogo.

"Shemeji, leo lala."

"Nitalala?"

"Lala. Ila funga mlango."

Jumatatu Anitha alikuja kutoka Gulwe na bodaboda, akamchukua mama yake. Mvua ilinyesha Januari, si kubwa, ikatosha waliopata mbegu ya kupanda tena. Wengine walisema ni sala ya simu, wengine ni matofali, Sila alisema ni Januari. Sila alikufa mwaka uliofuata kwa ugonjwa wa kifua. Tembe iliangukia ndani masika yaleyale aliyoondoka Loisi, haikuwa na mtu. Batholomeo aliuza mashine. Elieth yuko palepale. Nikodemo alihamishiwa Kibakwe, na anahubiri kwa ufupi kuliko zamani. Fredy alikwenda Mtumba kutafuta kazi, akaipata kwa fundi mmoja, anafyatua matofali. Devota aliacha uenyekiti. Usharika wake bado unatoa, siku hizi unawauliza wenyeji kwanza, na mabati ya Loisi yalitumika kuezekea vyoo vya shule ya kijiji kingine. Kila mwezi Devota hutuma unga Gulwe. Loisi anaupokea. Anasali kanisa la Gulwe, benchi la nyuma, na sala ikiisha hungoja wengine waitikie kwanza.